Taa imetoka kali, uso umepotea: uchambuzi wa kisa kimoja cha fokasi gizani

## Usuli

Kisa hiki kinamhusu mpiga picha aliyepewa kazi ya kupiga onyesho la densi katika ukumbi mdogo, siku mbili mfululizo, usiku. Majina, mahali na chochote kinachoweza kumtambulisha yeye, wachezaji au mwenye kazi nimeviondoa. Faili zote nilizipata kwa ridhaa yake, pamoja na zile mbovu ambazo wengi wetu huzifuta kabla mtu mwingine hajaziona. Namshukuru kwa kutozifuta, maana sehemu kubwa ya somo imo humo.

Onyesho lilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza iliwashiwa taa za pembeni zilizowekwa chini, mwili wa mchezaji ukawa unaonekana nusu tu. Ya pili ilikuwa bluu tupu, taa za LED. Katika ya tatu taa zote zilizimwa, akabaki mchezaji mmoja aliyevaa nguo nyeusi, mkononi ana taa ndogo iliyozungushiwa kikapu cha waya. Alikuwa akiisogeza karibu na uso, kisha anaipeleka mbele yake kadiri mkono unavyofika. Mwenye kazi alitaka picha nyingi, lakini kuna moja aliyoitaka kuliko zote: uso wa mchezaji huyo ukiangazwa na taa ile, macho yakionekana vizuri.

Masharti yalikuwa makali lakini ya haki. Flashi ilikatazwa. Taa ndogo ya kamera inayosaidia fokasi nayo ilikatazwa. Mpiga picha alitakiwa kukaa kwenye kiti chake cha pembeni, safu ya mbele, mita 5 hivi kutoka katikati ya jukwaa. Mazoezi ya mwisho alikaribishwa na akahudhuria, ila yalifanyika taa za ukumbi zikiwa zinawaka. Kwa hiyo alijua nani atasimama wapi, lakini giza lenyewe hakuwahi kulionja kabla ya watazamaji kuingia.

Kamera yake ni ya kioo (DSLR, ambayo kioo cha ndani huupeleka mwanga wa lenzi kwenye kidirisha cha kutazamia), yenye sensa kamili ya milimita 36 kwa 24. Alibeba lenzi mbili: zumu ya milimita 70–200 yenye f/2.8, na lenzi isiyo na zumu ya milimita 85 yenye f/1.8 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga unaoingia ni mwingi). Kitabu cha kamera kinasema autofokasi yake, yaani kamera kufokasi yenyewe, inafanya kazi hadi EV −3 (EV ni kipimo cha kiwango cha mwanga: namba ikishuka, giza linaongezeka). Namba hiyo aliiamini, na nitairudia huko mbele.

## Usiku wa kwanza

Alichagua zumu, akaivuta hadi milimita 200 ili uso ujaze fremu. Ni uamuzi unaoeleweka: lenzi ndefu huleta karibu kile usichoweza kukikaribia. Aliweka f/2.8, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 12800 na shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, 1/50 ya sekunde. Fokasi aliiweka kwenye hali ya kufuatilia mfululizo, akaiachia kamera ichague yenyewe nukta za fokasi, yaani mahali ndani ya fremu inapopimia fokasi.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri kiasi. Taa za pembeni zilichora mstari mkali begani na shingoni, kamera ikaushika mstari huo. Sehemu ya pili ilimpa picha nyingi zilizoonekana laini, ingawa kamera ilidai fokasi imeshika. Ya tatu ndiyo iliyomwangusha. Lenzi ilianza kusaka: inakwenda hadi mwisho, inarudi hadi mwanzo, inakwenda tena, huku mchezaji anaendelea. Ilipotulia, mara nyingi ilikuwa imetulia juu ya taa.

Kuna faili moja ninayoipenda sana kwa kufundishia. Ukiikuza hadi asilimia 100 unaweza kuhesabu nyaya za kile kikapu, na pale nyaya mbili zinapokutana unaona hadi tone la lehemu. Peleka macho juu kidogo, usoni: nyusi ni kivuli, kope hazipo kabisa, na ule mng'aro mdogo wa taa ndani ya jicho umekuwa duara pana lenye kingo hafifu. Kamera ilifanya kazi yake kikamilifu, ila juu ya kitu kisichotakiwa.

## Kuzisoma picha mbovu

Usiku uleule, kabla ya kulala, mpiga picha alifanya jambo ambalo naliona ndilo lililoiokoa kazi. Hakuishia kusema "palikuwa na giza". Alizigawa picha mbovu za sehemu ya tatu mafungu matatu kwa kuangalia namna zilivyoharibika.

Fungu la kwanza ni picha ambazo kuna kitu kilichotoka kikali, ila si uso: taa, vidole, au ukingo wa pazia nyuma. Hapo kosa ni la fokasi, nayo ilikwenda mahali pengine. Fungu la pili ni picha ambazo hakuna kikali, na ukungu wake umevutika kuelekea upande mmoja. Hizo zimeharibiwa na mwendo, ama wa mchezaji ama wa mikono ya mpiga picha. Fungu la tatu ni picha ambazo hakuna kikali, na ukungu wake umetapakaa sawasawa pande zote. Zilipigwa wakati lenzi bado inasaka.

Njia ya haraka ya kutofautisha ni kutafuta kinukta kidogo cha mwanga ndani ya picha, mfano mng'aro wa jicho, jasho kwenye kipaji au kishaufu. Kinukta kikigeuka mstari, kuna kitu kilitembea. Kikigeuka duara, fokasi haikuwa pale. Kikiwa mstari mnene wenye ncha za mviringo, yote mawili yametokea. Wapiga picha wengi hulaumu fokasi kwa kosa la shata, wakaenda kubadilisha mipangilio isiyohusika, na kesho yake wakarudi na picha zilezile.

Mafungu yake yalionyesha kwamba la kwanza ndilo kubwa, la pili linafuata kwa karibu, na la tatu ni dogo. Kwa maneno mengine, kamera haikushindwa kuona gizani kwa kiwango alichodhani. Kwa kawaida ilikuwa inaona, lakini inaona taa.

## Kwa nini EV −3 haikutosha

EV 0 kwa ISO 100 ni mwanga unaohitaji sekunde 1 nzima kwenye f/1. Stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu, kwa hiyo EV −3 ni nusu ya nusu ya nusu ya hapo: giza la kweli, sawa na nje penye mwezi mpevu au karibu na hapo.

Sasa tupime uso wa mchezaji. Mwangaza wake sahihi ulikuwa f/1.8, 1/125, ISO 12800, ambao ni sawa na f/2.8, 1/50 ya usiku wa kwanza. Kutoka f/1 hadi f/1.8 ni kama stopu 1.7. Kutoka sekunde 1 hadi 1/125 ni stopu 7. Jumla 8.7. Ondoa stopu 7 za kutoka ISO 100 hadi 12800, unabaki na EV 1.7. Uso uliomulikwa ulikuwa juu ya kikomo cha kamera kwa zaidi ya stopu 4. Kwa hesabu hiyo kamera ilitakiwa kuweza.

Shida ni kwamba namba ya kitabuni ina masharti yake. Katika kamera nyingi za kioo, uwezo huo ni wa nukta ya katikati peke yake; nukta za pembeni huhitaji mwanga zaidi. Halafu namba hiyo hupimwa kwa kitu chenye mistari iliyo wazi, nyeusi juu ya nyeupe. Nguo nyeusi ya mchezaji ilikuwa chini ya uso wake kwa stopu 4 au zaidi, maana yake iko EV −2 na kushuka, tena haina mkunjo wala ufumo unaoonekana. Nukta ya fokasi ikiangukia kifuani haina cha kushika.

Hapa inafaa kukumbuka jinsi autofokasi ya kamera ya kioo inavyofanya kazi. Huchukua mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na ule uliopita upande wa pili, ikalinganisha picha hizo mbili. Ni kama mtu anayefumba jicho moja kisha la pili, akaona kidole chake kinaruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kadiri picha hizo zilivyoachana, kamera inajua lenzi isogee upande gani na kwa kiasi gani. Lakini ili ijue zimeachana, lazima iwe na ukingo wa kulinganisha: mstari, mpaka wa mwanga na kivuli. Pasipo na ukingo, hata kwenye mwanga wa kutosha, itasaka. Jaribu kufokasi ukuta mweupe mchana utaona. Tena nukta nyingi za pembeni husoma mistari ya mwelekeo mmoja tu, ama iliyosimama ama iliyolala, wakati ile ya katikati kwa kawaida husoma yote miwili.

Ukiiachia kamera ichague nukta yenyewe, katika giza itachagua ukingo mkali kuliko yote ulio karibu. Katika sehemu ya tatu, ukingo huo ulikuwa kikapu cha taa. Mkono ulionyooshwa unaiweka taa nusu mita mbele ya uso. Na kwenye milimita 200, f/2.8, mita 5, kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linalotoka kali, ni kama sentimita 10 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Taa ikishikwa, uso umekwisha.

## Maamuzi ya usiku wa pili

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuiacha zumu na kufunga 85 f/1.8. Wengi nikiwasimulia hili hushangaa: unaenda f/1.8 kutafuta kina zaidi? Ndiyo, kwa sababu kina cha fokasi hutegemea urefu wa lenzi kuliko watu wanavyodhani. Milimita 85, f/1.8, mita 5 inatoa kama sentimita 37. Ni kweli kwamba ukiikata picha hiyo hadi uso ujaze fremu kama ulivyojaza kwenye 200, makosa madogo nayo yanakuzwa, na kina unachobaki nacho ni kama sentimita 16. Bado ni zaidi ya 10. Na juu ya hapo umepata mwanga mara 2.4 zaidi kwenye sensa, ndiyo maana shata iliweza kupanda kutoka 1/50 hadi 1/125 bila kugusa ISO. Fungu la pili, lile la mwendo, lilipata dawa yake hapo.

Gharama ni chembechembe, vile vidoa vidogo vinavyotapakaa kwenye picha ISO ikipanda. Ukikata sana unazikuza nazo, na katika ISO 12800 zinaonekana. Mpiga picha alikubali gharama hiyo akijua anachonunua: chembechembe zinaweza kupunguzwa baadaye kwenye kompyuta, lakini jicho lililokosa fokasi hakuna programu inayolirudisha kwa uaminifu.

Uamuzi wa pili ulihusu nani achague mahali pa kufokasi. Kwa sehemu ya kwanza alizima uchaguzi wa kamera, akabaki na nukta ya katikati peke yake, na fokasi akaihamishia kwenye kitufe cha nyuma ili kidole cha shata kisiwe na kazi nyingine ila kupiga. Alilenga mahali penye mpaka: kola, ukingo wa nywele, bega linapokutana na giza.

Uamuzi wa tatu ndio ninaouheshimu zaidi. Kwa sehemu ya taa aliamua kwamba fokasi itapangwa kabla giza halijaingia, na isiguswe tena. Wachezaji walikuwa na alama za utepe sakafuni za kuonyesha wapi wasimame. Saa chache kabla ya onyesho, taa za kazi zikiwa zinawaka, aliomba ruhusa kwa msimamizi wa jukwaa, akamwomba mtu asimame juu ya alama ya sehemu ya tatu akiwa ameshika ukurasa wenye maandishi usawa wa macho. Akakaa kwenye kiti chake kilekile. Akatumia skrini ya nyuma, akakuza mara 10, akazungusha pete polepole hadi herufi zikakaa, akapita kidogo, akarudi. Kupita na kurudi kuna maana: ukisimama pale unapodhani pametosha, kwa kawaida umesimama mapema.

Kwa nini skrini na si kidirisha cha kutazamia? Kwa sababu kioo cha fokasi katika kamera nyingi za kisasa hakionyeshi kina halisi cha lenzi iliyo wazi zaidi ya f/2.8 hivi. Unachokiona kinaonekana kikali kuliko kitakavyotoka kwenye picha. Kufokasi kwa mkono kwenye f/1.8 ukitegemea kidirisha ni kubahatisha.

Kisha alifanya hivyohivyo kwa alama nyingine, hatua moja nyuma, ambako mchezaji humalizia. Kuweka alama za kalamu kwenye pete kusingesaidia. Gizani haonekani mtu sembuse kalamu. Alikata vipande viwili vya utepe, akakunja kila kimoja katikati hadi kikatoa ukingo mdogo uliosimama, akavibandika kwenye pete, na cha tatu akakibandika kwenye sehemu ya lenzi isiyozunguka. Kidole gumba kikipapasa, ukingo ukikutana na ukingo, uko kwenye alama ya kwanza. Ukingo wa pili, alama ya pili. Alirudia akiwa amefumba macho hadi kidole kikazoea.

## Usiku wa pili

Sehemu ya kwanza ilitoka safi. Ya pili, ya bluu, nitaieleza mwishoni kwa sababu ni jambo la aina yake.

Kabla ya sehemu ya tatu alisukuma swichi ya lenzi kwenda kwenye fokasi ya mkono, akapapasa ukingo wa kwanza, akasubiri. Mchezaji alipofika kwenye alama na kusogeza taa karibu na uso, akapiga mfululizo mfupi. Akatazama picha moja tu kwenye skrini, aliyoikuza na kuifunika kwa kiganja ili mwanga usiwasumbue walioketi nyuma yake. Sikio na nywele za nyuma ya sikio vilikuwa vikali. Macho hapana.

Alama zilikuwa sahihi. Kilichobadilika ni kiti. Wakati wa mapumziko safu ile ilisogezwa mbele kidogo ili watu wapite, kama upana wa kiganja. Kiti kikisogea mbele, sehemu ya fokasi nayo inasogea mbele, ikampita mchezaji. Kwa kina cha sentimita 37 picha nzima isiyokatwa ilionekana nzuri, lakini ukikuza uso, ule upana wa kiganja ndio tofauti ya jicho na sikio.

Hakugusa pete. Aliegemea nyuma kwenye kiti, akavuta kamera pamoja na kichwa, akapiga mfululizo mwingine akiwa anarudi mbele taratibu, ili angalau picha moja kati ya hizo ipite juu ya macho. Ndiyo iliyompa picha iliyotakiwa: mchezaji ameinamisha uso, taa iko chini ya kidevu, kope zinahesabika, na ndani ya kila jicho kuna mstari mdogo wa waya wa kikapu.

## Matokeo

Mwenye kazi aliipata picha yake na nyingine za kutosha kutoka sehemu ya kwanza na ya tatu. Za sehemu ya bluu zilitumika chache. Baadhi ya nyakati nzuri za sehemu ya tatu hazikupatikana kabisa, hasa mchezaji alipoamua kutoka kwenye alama na kuvuka jukwaa kwa haraka.

## Kilichofanya kazi na kilichokwama

Kugawa picha mbovu mafungu ndiko kulikozaa kila uamuzi mwingine. Asingefanya hivyo, dawa ya kawaida ingekuwa kupandisha ISO, na ISO haiisaidii autofokasi ya kamera ya kioo hata kidogo. Moduli ya fokasi hupata mwanga ule ule unaopita kwenye lenzi, uwe kwenye ISO 100 au 25600.

Kuipanga fokasi kabla ya giza kulifanya kazi kwa sababu tendo lenyewe lilikuwa linajirudia mahali palepale. Hilo ni sharti. Njia hii haifai kwa mtu anayetembea ovyo, na mpiga picha aliligundua hilo mchezaji alipovuka jukwaa. Ningekuwa mimi, ningerudi kwenye nukta ya katikati na kitufe cha nyuma kwa dakika ile, nikalenga ukingo wa shavu uliomulikwa, kwa sababu tumeona uso ulikuwa EV 1.7 na nukta hiyo inauweza. Yeye alibaki kwenye fokasi ya mkono akihofia kutorudi kwenye alama kwa wakati. Namwelewa, lakini zile kingo za utepe alizitengeneza kwa ajili hiyohiyo: kutoka na kurudi bila kutazama.

Kiti kilihitaji alama kama jukwaa lilivyokuwa na zake. Kipande cha utepe sakafuni kwenye mguu wa kiti kingemaliza jambo. Fokasi iliyopangwa mapema ni umbali kati ya vitu viwili, na wengi hulinda kimoja wakasahau kingine.

Kuna waliosema angeomba dakika tano baada ya onyesho, mchezaji arudie akiwa amesimama. Sikubaliani nao kwa kazi hii. Picha ingekuwa kali na isiyo na uhai, na mwenye kazi alilipia onyesho. Ambalo lingeombwa, na lingekubalika bila taabu, ni fundi wa taa kuzima taa za ukumbi kwa dakika chache wakati wa mazoezi ili mpiga picha aone giza lenyewe na kupima. Hilo halikuombwa, na usiku wa kwanza ukawa ndio mazoezi.

Swichi ya zumu inayozuia lenzi isisake kutoka karibu kabisa nayo haikutumika usiku wa kwanza. Isingeondoa kosa la kushika taa, lakini lile fungu la tatu lingepungua, kwa kuwa lenzi ingekuwa na safari fupi ya kwenda na kurudi.

## Kama kamera yako haina kioo

Kamera zisizo na kioo hufokasi kwa kutumia sensa yenyewe, na nyingi za kisasa huona gizani kuliko ile ya kisa hiki, baadhi zikitajwa kufika EV −6 kwa lenzi iliyo wazi sana. Zina mitego yake. Baadhi hufokasi lenzi ikiwa imebanwa kwenye namba uliyochagua, kwa hiyo ukiweka f/8 umeinyima autofokasi mwanga. Skrini inayoigiza mwangaza wa picha inaweza kuwa nyeusi pale unapotaka kuona. Zima uigizaji huo na skrini itajiangaza. Rangi inayochora kingo zilizo kwenye fokasi hudanganyika na chembechembe, ikakupamba picha nzima. Na lenzi nyingi za kamera hizi zina pete isiyounganishwa moja kwa moja na vioo: ishara ya umeme ndiyo inayovisogeza. Kwenye lenzi hizo vipande vya utepe havina maana, na fokasi inaweza kupotea kamera ikilala au ikizimwa. Ongeza muda wa kulala kwa kamera, na uangalie kama ina mpangilio wa kukumbuka mahali fokasi ilipokuwa.

Zumu nazo zina la kwao, kwa kamera ya aina yoyote. Zumu nyingi za kupigia picha hazishikilii fokasi unapobadilisha urefu. Kufokasi ukiwa 200 kisha kurudi 100 kunaweza kukuharibia ulichokipanga kwa uangalifu.

## Sehemu ya bluu

Hizi picha zilimsumbua mpiga picha kuliko zote, kwa sababu usiku wa pili alikuwa na lenzi bora, shata ya haraka na nukta sahihi, na bado zilitoka laini.

Sababu ya kwanza ni ya lenzi. Bluu na nyekundu hazikutani mahali pamoja kabisa nyuma ya vioo, na lenzi iliyo wazi sana huonyesha tofauti hiyo. Fokasi nzuri kwa mwanga mweupe inaweza kuwa pembeni kidogo kwa mwanga wa bluu tupu.

Ya pili ni ya sensa, na nadhani ndiyo iliyotawala hapa. Katika sensa za kawaida, kati ya kila pikseli nne, mbili husoma kijani, moja nyekundu na moja bluu. Taa ikiwa bluu tupu, ni robo ya pikseli tu iliyo na habari ya maana. Nyingine zinakisiwa kutokana nayo. Picha inaweza kuwa kwenye fokasi kabisa na bado ikaonekana imeikosa. Nilipoikuza moja ya faili hizo, mshono wa nguo ulikuwa mahali pake, ila ngozi ilikuwa bapa kama karatasi.

Ubapa huo ulitokana na sababu ya tatu: bluu ilikuwa imeungua, yaani imezidi kiwango ambacho sensa inaweza kukirekodi. Mpiga picha aliangalia histogramu ya kawaida (mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga katika picha), ikamwonyesha picha yenye giza, akaongeza mwangaza. Histogramu hiyo huipa bluu uzito mdogo sana, hivyo rangi moja inaweza kujaa hadi ukutani huku mchoro unakwambia bado kuna nafasi. Histogramu ya rangi tatu iliyotenganishwa ingemwonyesha mara moja. Faili chache alizopiga kwa bahati zikiwa stopu 2 chini zina vinyweleo vya mkono na mikunjo ya shingo, na ndizo zilizotumika.